Pau Mbili Zisizo na Pau

Magharibi ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika mkoa wa Mara, ipo nchi ya Waikoma, na jirani zao ni Wanata. Vijiji vya sehemu hizo vilipoungana katika jumuiya moja ya kuhifadhi wanyamapori, jumuiya hiyo iliitwa Ikona, jina lililofumwa kwa mwanzo wa Ikoma na mwanzo wa Nata. Mgeni asiyeelezwa husikia jina moja. Aliyeelezwa husikia mawili.

Na ichukuliwe kuwa usiku mmoja, katika kambi ya wageni huko Ikoma, wastaafu wanne wa kutoka Dar es Salaam wamekaa kucheza briji, na kijana wa Kiikoma aliyewaletea chai amesimama kando akitazama. Mmoja wao ameshika shupaza tano zinazoongozwa na ree na mzungu wa nne, kopa tano zilizo hivyo hivyo, ree ya pau pamoja na pau nyingine ndogo, na uru moja. Mkono kama huo haumjii mtu kila siku. Mwenye nao anatamka: "Pau mbili." Kijana anangoja mpaka mchezo umalizike, kisha anauliza kwa adabu: "Samahani, mzee, mbona ulitaja pau, nawe mali yako yote ilikuwa shupaza na kopa?"

Kijana hajui briji, lakini ameuliza jambo ambalo wajuzi wengi wa briji hawakuwahi kujiuliza.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akimkabili mwenzake. Kabla ya kutupwa karata ya kwanza kuna mnada, na ndani ya mnada huo mtu hana ruhusa ya kumwarifu mwenzake chochote ila kwa kauli zilizowekwa. Za kunadi ni 35 tu, kuanzia pau moja hadi saba bila turufu. Mikono anayoweza kugawiwa mchezaji inazidi bilioni 635. Lugha haba namna hiyo haitoshi, na wachezaji, kama washairi waliobanwa na mizani, wakazibebesha baadhi ya kauli maana nyingine. Kwa mapatano ya wengi, "pau mbili" hazina khabari ya pau. Maana yake ni kuwa msemaji ana nguvu nyingi na mwenzake asinyamaze. Huyo naye akijibu "uru mbili," huenda hana hata uru moja ya maana. Amesema tu: nimesikia, endelea.

Wapo mabingwa wasioipenda kauli hiyo kwa mkono wenye aina mbili. Aliyejaaliwa aina moja ana neno moja la kusema. Huyu ana mawili, na nafasi ni ile ile. Akianza na pau mbili, wapinzani wakaruka hadi uru tano, zamu itamrudia akiwa hajataja shupaza wala kopa, naye atabahatisha moja. Angeanza kwa "shupaza moja," angekuwa ameshatoa nusu ya siri yake mapema, na kopa angezitaja baadaye. Ila hapo ameficha nguvu, na mwenzake aliye dhaifu anaweza kupita, na mnada ukafa palepale. Kwa hiyo hata asiyetaka kudanganya hulazimika kuchagua ni kweli ipi itangulie.

Je, pau mbili ni uwongo? Kanuni ya 40 ya sheria za briji inakataza mapatano ya siri baina ya wenza. Mpinzani akitaka kujua maana ya kauli, ana haki ya kuuliza, na anayemjibu si aliyetamka bali ni mwenzake, yule aliyeambiwa. Atasema walivyokubaliana, hata yale waliyozoeana bila kuyatamka. Ajabu zaidi, sheria hiyo hiyo humruhusu mchezaji kutoa kauli isiyolingana kabisa na mkono wake, maadamu mwenzake naye hana habari.

Mwaka 1965, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Buenos Aires, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walishutumiwa kuwa wakiambiana idadi ya kopa kwa vidole vilivyoshika karata. Wakuu wa mchezo duniani waliwatia hatiani. Uchunguzi wa Uingereza uliofuata uliona kosa halikuthibitika. Lililo muhimu hapa ni aina ya shutuma yenyewe. Vidole hivyo, kama kweli vilisema, vilisema kweli tupu: kopa tatu ni tatu. Wala hakuna aliyedai kuwa vilitoa idadi ya uwongo. Aibu ilikuwa kwamba wawili wengine mezani hawakuwa na pa kuuliza.

Kwa kipimo hicho, mtu wa pwani atazame kanga. Mwanamke hununua kanga kwa jina lake, akajifunga, akapita mlangoni kwa jirani. Mji mzima unasoma. Siri, basi, hakuna. Lakini jirani akithubutu kuuliza, "Shoga, jina hili umenikusudia mimi?" hujibiwa, "Ah, mwenzangu, nimependa rangi tu." Fumbo limesomwa na wote, na ufunguo umekanwa. Utamu wa jina la kanga, na wa mipasho ya taarabu, umo katika ruhusa hiyo ya kukana. Yumkini bila ruhusa hiyo mitaa mingi ingepigana. Hata hivyo, kwenye meza ya briji jibu la namna ile lingekuwa kosa, na ni vigumu kusema kwamba meza ndiyo iliyokosea.

Huko Ikoma mzee amemweleza kijana yote haya kwa ufupi. Kijana anauliza neno moja tu: "Na wale wawili walijua?"

"Walijua, kijana wangu. Wasingejua, wangemuuliza mwenzangu."

Karata zinagawiwa tena. Kwa bahati, mzee anapata mkono unaokaribiana na ule wa mwanzo, na pengine kwa sababu kijana bado yuko kando, safari hii anatamka: "Shupaza moja." Anayefuata anapita. Mwenzake anazitazama karata zake kwa muda, naye anapita. Wa nne anapita. Karata ya kwanza inatupwa, na mwenzake anazitandaza zake mezani kama kanuni itakavyo. Hamna ree, hamna mzungu, shupaza ni moja tu. Lakini kopa ni nne.