Chungu Kilichopasuka

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nikidhani inamhusu mgeni anayebisha hodi akiwa na kikapu cha zawadi. Ilinichukua miaka mitano na fedheha kubwa kutambua kwamba inamhusu pia mtu anayeingia kijiji cha watu na kamera shingoni. Ninawaandikia vijana wanaotaka kuishi kwa kusafiri, kupiga picha na kusimulia walichokiona. Kosa nitakalolisimulia ni langu, na ninalieleza lote ili nanyi msilirudie.

Mimi ni wa kizazi kilicholelewa na blogu. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianzisha blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, akisaidiwa na Ndesanjo Macha aliyekuwa amemtangulia kublogu kwa Kiswahili. Tuliomfuata kwa macho tulijifunza kwamba mtu mmoja mwenye kamera anaweza kufungua dirisha ambalo Watanzania wa Mbeya, Muscat na London watachungulia siku hiyo hiyo. Nami nikafungua blogu yangu, nikaacha ajira, nikawa mpiga picha wa safari.

Agosti 2016 nilipanda basi Mbeya kwenda Kyela. Anayeijua njia hiyo anajua inavyoteremka: baridi ya Tukuyu na mashamba yake ya chai na migomba, kisha joto linapanda kadiri unavyoshuka, hadi unatokea kwenye tambarare ya mpunga na kakao. Nikapitia Ipinda hadi Matema, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo safu ya Livingstone inaporomoka hadi majini. Kwa kuwa milima iko mashariki, jua huchelewa kuifikia Matema. Asubuhi ufuko hubaki katika mwanga laini kwa muda mrefu, na kwa mpiga picha hiyo ni neema kubwa.

Jumamosi nilikwenda Lyulilo, sokoni kwa vyungu. Wanawake wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambako ardhi ya kulima ni haba. Huko ufinyanzi ndio shamba la wanawake. Zamani vyungu vyao vilibadilishwa kwa chakula cha Wanyakyusa wa tambarare. Leo vinauzwa kwa fedha na kusafiri hadi Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Nikatamani kuona vinakotoka. Nikakodi boti hadi Ikombe bila kupita ofisi ya kijiji wala kumuuliza mtu utaratibu wa mahali.

Nilimkuta bibi mmoja amekaa chini ya upenu wa nyumba yake, udongo umemfika viwikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Umetoka wapi?"

Akanipa kigoda, akaagiza niletewe maji. Alinionyesha jinsi udongo unavyotwangwa, unavyofinyangwa, unavyolainishwa kwa jiwe dogo la ziwani. Aliniambia wateja wake wako wapi. Aliniambia kwamba kwa vyungu hivyo amesomesha watoto, na sasa anamsomesha mjukuu. Nilipoinua kamera, akanyanyua mkono.

"Subiri. Kesho nachoma. Vikitoka motoni vizuri, ndipo upige."

Nikamwitikia, "Sawa, bibi." Lakini mwenye boti alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba upepo wa kusi unaamka, na mimi nilikuwa nimejiahidi kurudi Mbeya kesho yake. Kando ya mlango palikuwa na chungu kilichopasuka motoni wiki iliyotangulia, kimewekwa pembeni kikisubiri kutupwa. Bibi alipoinamia udongo wake nikajisogeza hadi chungu kile kikae mbele, ufa wake ukielekea kwenye lenzi, na nyuma yake uso wa bibi wenye mikunjo. Nikabonyeza mara tatu. Mwanga ulikuwa wa ajabu. Nilijua papo hapo kwamba hiyo ndiyo picha ya safari nzima.

Sikununua chungu, nilisema begi limejaa. Nilimwambia, "Bibi, picha nitakuletea." Sikuileta.

Nyumbani niliiweka kwenye blogu na kuiandikia maelezo haya: "Mfinyanzi hulia gaeni. Bibi huyu wa Ikombe hajui dunia iliyo ng'ambo ya mlima wake." Sentensi ya pili ilikuwa uongo, na nilijua ni uongo. Alikuwa amenitajia masoko yake mwenyewe, na ndani ya nyumba yake niliona simu ikichajiwa kwa umeme wa jua. Ila uongo ule ulipendeza, na wasomaji waliusifu.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikitaka wenye blogu wasajiliwe na kulipia leseni. Ada zote kwa pamoja zilizidi shilingi milioni mbili. Sikuwa nazo. Wiki hizo hizo taasisi moja ya nje ikaniandikia kwamba imeipenda picha ya bibi na inataka kuinunua. Wakatuma mkataba na fomu. Kwenye fomu palikuwa na swali: je, aliyepigwa picha ametoa ridhaa ya maandishi? Nikaweka alama ya ndiyo. Kwenye mkataba palikuwa na maneno kwamba ninauza haki zote, kwa matumizi yote, katika nchi zote, kwa muda wote. Nikatia saini bila kuyasoma mara ya pili. Fedha ikaingia, nikaona kazi imenijibu.

Mwaka uliofuata nilipigiwa simu na msichana aliyekuwa akisoma uuguzi Mbeya.

"Samahani, kaka. Wewe ndiye uliyempiga picha bibi yangu wa Ikombe?"

Alikuwa ametumiwa tangazo na rafiki yake. Uso wa bibi umejaa ukurasa mzima, chungu kilichopasuka mbele yake, na chini yake maneno ya kuwaomba watu wachange kwa sababu mwanamke huyu analala njaa.

"Kaka, mimi nasoma kwa vyungu vyake," akasema. "Leo bibi yangu anaombewa sadaka na watu tusiowajua, na hiyo fedha hatuijui."

Niliwaandikia wanunuzi nikiwaomba waiondoe. Walijibu kwa adabu, wakaambatanisha mkataba wangu na fomu yangu. Saini ilikuwa yangu na alama ya ndiyo ilikuwa yangu. Kisheria hapakuwa na nililobakiza mkononi.

Malipo ya kosa hayakuishia hapo. Mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II, iliyojengwa papo hapo Kyela katika bandari ya Itungi kubeba abiria 200 na mizigo tani 200, ilianza safari zake ziwani. Jarida moja likanipa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: picha za pwani yote, meli, wavuvi wa usipa, na wafinyanzi wa Ikombe. Nilifika Matema na vifaa vipya. Mwendesha boti wa kwanza akanitazama, akaniuliza, "Wewe si yule wa picha ya bibi?" Akarudi kukaa. Wa pili akadai injini yake ni mbovu. Wa tatu akaniambia ukweli: Ikombe wamekubaliana mpiga picha asipokelewe mpaka aanzie ofisi ya kijiji, na jina langu liko huko tayari. Nilikaa Matema siku mbili nikiitazama milima. Jarida likampa kazi mtu mwingine.

Nilimpigia yule mjukuu, nikamwomba aniombee nafasi ya kuonana na familia. Nilikwenda bila kamera. Nilianza kwa mtendaji wa kijiji, naye akanipeleka. Wazee walinisikiliza, nikaomba radhi. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Nilitegemea aseme juu ya fedha, au juu ya ile njaa aliyosingiziwa. Hakuanzia huko.

"Hiyo njaa ni maneno tu," akasema. "Watu wa hapa wananijua. Lakini chungu kile, mjukuu wangu? Anayekuja kununua chungu hukigonga kwa kidole, akasikiliza. Kizima kina mlio wake. Kilichopasuka nacho kina wake, hata mtoto anautambua. Mimi chungu kama kile nakitupa. Wewe ndicho ulichokipeleka duniani kwa uso wangu. Na nilikwambia usubiri kesho."

Nimebeba maneno hayo tangu siku ile. Nina maelfu ya picha zilizofifia, zilizotikisika, zilizokosa mwanga, ambazo sijamwonyesha mtu yeyote, kwa sababu sitaki kazi mbovu ihusishwe na jina langu. Bibi aliniomba heshima hiyo hiyo, nikamnyima. Mimi nilimwona kuwa sehemu ya mandhari, kama mlima na mtumbwi, kumbe nilikuwa mbele ya fundi mwenzangu, tena fundi aliyenizidi miaka mingi ya kazi. Hata methali niliyoitumia sikuwa nimeielewa. Mfinyanzi hulia gaeni kwa sababu chungu kizima ni cha mteja. Niliinukuu kumwonea huruma mtu ambaye alistahili sifa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeianza kazi hii, shika mambo manne.

Kwanza, ridhaa. Mtu kutabasamu mbele ya lenzi hakumaanishi kwamba amekubali. Mweleze picha itakwenda wapi, itauzwa au haitauzwa, itaandikwa nini chini yake, kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeongeza uzito wa jambo hili. Lakini hata kabla ya sheria hiyo adabu ilikuwapo, na mkono ulionyanyuliwa ulitosha kunisimamisha.

Pili, mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda picha kama kazi ya aliyeipiga. Usiitupe haki hiyo kwa saini moja. Uza matumizi yanayotajwa kwa jina: gazeti fulani, nchi fulani, muda fulani. Weka sharti kwamba picha isiambatane na maneno yanayomdhalilisha aliyemo. Aliyeuza kisima hana sauti tena juu ya atakayekuja kuteka, wala juu ya uchafu utakaotupwa ndani.

Tatu, maelezo ya picha. Uongo mwingi wa kazi yetu unakaa kwenye ile sentensi moja ya chini kuliko kwenye picha yenyewe. Kijiji "kisichojulikana" kinajulikana na wanaoishi humo. Bibi "asiyeijua dunia" ana simu na ana wateja Mbeya. Andika ulichokiona na ulichoambiwa. Nisingeandika kwamba bibi haijui dunia, huenda wale wanunuzi wasingeiona picha yake kuwa ya ombaomba.

Nne, muda. Makosa yangu yote yalitoka kwenye siku moja niliyokataa kuitoa. Ningelala Ikombe usiku ule, asubuhi ningeviona vyungu vikitolewa majivuni vimeiva, na bibi amekaa katikati ya kazi yake akiwa na fahari. Ingekuwa picha bora kuliko ile, na ingekuwa ya kweli. Gharama yake ilikuwa malazi ya usiku mmoja.

Familia ilinisamehe. Baadaye nilirudi, nikakaa siku nne, nikasubiri moto. Bibi alichagua mwenyewe vyungu vya kupiga na mahali pa kukaa. Nilizisafisha picha hizo Mbeya nikampelekea mkononi, na sasa zimetundikwa sebuleni kwake. Ile ya kwanza bado inazunguka mitandaoni. Kila mara nikiiona najua kwamba sina uwezo wa kuirudisha.

Ukifika Matema siku ya Jumamosi, nenda Lyulilo ukiwa umeiacha kamera begini. Amkia wakubwa. Chagua chungu, kigonge kwa kidole, sikiliza mlio wake, mlipe mwenyewe bei yake bila kumnyanyasa. Kisha mwambie kazi yako ni ipi, na umwombe. Akisema subiri kesho, subiri.