Lugha ya Mgeni ni Amana

Liko swali moja ambalo wazazi wa Bigwa na wa vijiji vya mlimani huliuliza mara nyingi siku hizi. Kijana amemaliza masomo ya sekondari, naye ataka kwenda Chuo Kikuu kujifunza Kichina au Kijapani, pamoja na desturi za watu wa huko. Baba asema, "Mimi nalitaka awe mwalimu au daktari. Lugha ya Wachina itamfaa nini?" Mjomba asema, "Mwache aende. Wenye kazi siku hizi ni hao, atapata mshahara mzuri." Bibi naye aogopa, asema, "Atarudi na dini nyingine." Watu watatu, maneno matatu, na kila neno lina haki yake. Basi natutazame jambo hili polepole, tupate kujua lililo zito ndani yake.

Kwanza tujue ya kwamba jambo hili si geni kwetu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo yapita katika mkoa wetu, Ifakara na Mlimba. Mwaka 1972, kazi ilipokuwa ikiendelea, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kujifunza ufundi wa reli, nao iliwapasa kujifunza Kichina kwanza. Tena mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilifungua kila kimoja Taasisi ya Confucius, ambamo Kichina hufundishwa.

Wala njia hii si ya upande mmoja. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na redio ya Japani mwaka 1964. Huko Seoul, katika nchi ya Korea, kiko chuo kikuu cha lugha kinachofundisha Kiswahili. Na hapa Morogoro penyewe, wageni wa mataifa mengi wamekuja kuketi darasani katika shule ya lugha ya Seminari ya Kilutheri, wakijifunza kusema "shikamoo" na "marahaba" kama watoto wadogo. Ikiwa wao hawakuona haya kuwa wanafunzi kwetu, kwa nini sisi tuone haya kuwa wanafunzi kwao?

Lakini mtu asidhani ya kuwa kazi hii ni nyepesi. Katika Kichina sauti hubadili maana. Neno "ma" likisemwa kwa sauti ya juu iliyo sawa ni mama. Sauti ikipanda ni katani. Ikishuka kisha ikapanda ni farasi. Ikishuka kwa nguvu ni kukaripia. Mtu akiteleza kidogo amemwita mama wa mwenzake farasi! Tena maandiko yao si herufi kama zetu, bali ni alama, na mwenye kusoma hana budi kujua alama maelfu. Wajapani nao hutumia alama hizo pamoja na aina mbili za herufi zao wenyewe. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu, huko ataanza upya kama mtoto wa chekechea. Unyenyekevu huo wenyewe ni elimu, hata kabla hajapata cheti.

Sasa tuyatazame maneno ya mjomba. Kutafuta kazi si dhambi. Mtu hufanya kazi apate kula na kuwalisha wazazi wake, na mwenye kumlaumu kijana kwa hilo ajiulize kama yeye hali. Lakini mshahara hautuambii bado kazi yenyewe ni ya namna gani. Mwenye kujua lugha mbili kati ya watu wanaojua mojamoja amewekewa kitu kikubwa mkononi. Hawa wawili hawawezi kumsahihisha. Akipunguza neno, hawajui, akiongeza, hawajui. Haki za watu wawili zimo kinywani mwake. Ndiyo sababu nasema lugha ya mgeni ni amana.

Nchi yetu yajua maana ya jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, yaani katika nchi hizi zetu, akikusanya mikataba kwa wakuu. Hati ziliandikwa kwa Kijerumani, nao wakuu hawakuijua lugha hiyo. Wakatia alama zao. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa barua ya kuzilinda nchi hizo kuwa milki. Majuma machache ya safari, karatasi chache, na nchi ikahesabiwa kuwa ya wengine! Najiuliza: kama maneno yote ya hati zile yangalisemwa waziwazi kwa lugha ya wenyeji, ni mkuu gani angalitia alama yake? Silaha na tamaa zilifanya mengi katika mambo hayo, lakini mlango wa kwanza ulifunguliwa na maneno yasiyoeleweka.

Msidhani ya kuwa mambo hayo yamekwisha pamoja na siku zile. Fikirini kazi ya barabara au ya kiwanda, ambako msimamizi ni mgeni na vibarua ni vijana wetu. Kibarua asema, "Mwambie, jana tulifanya kazi hata usiku na hatukulipwa." Msimamizi auliza, "Asemaje?" Mkalimani amesimama katikati. Aogopa kupoteza kazi yake, basi ajibu, "Asema amechoka." Hakutukana mtu, wala hakuiba fedha kwa mkono wake, hata hivyo kibarua amedhulumiwa. Na siku nyingine mgeni ndiye atakayedhulumiwa, mkalimani akila njama na ndugu zake, akisema bei ya mchanga ni shilingi kadha, kumbe sivyo. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Ulimi unaojua lugha mbili ni laini zaidi.

Hapa Wachina wenyewe watufaa kwa mafundisho. Liko neno lao la maana ya uaminifu, ambalo Wajapani na Wakorea pia wamelipokea katika maandiko yao. Alama yake ina sehemu mbili: upande mmoja ni mtu, na upande wa pili ni neno. Mtu amesimama kando ya neno lake. Na mwalimu wao mkuu Confucius, aliyeishi toka mwaka 551 hata 479 kabla ya Kristo, alifundisha ya kwamba majina ya vitu yasipokuwa sawasawa, mambo ya nchi hayawezi kutengemaa. Kijana akijifunza alama ile chuoni bila kuwa mtu wa namna ile, amepata wino tu, kitu chenyewe hakukipata.

Tena kujua maneno peke yake hakutoshi, yapasa kujua na desturi. Mjapani akisema "hai" mara nyingi maana yake ni "nakusikia", wala si kwamba amekubali. Asiyejua ataandika katika daftari lake, "Amekubali," na kesho wataitana waongo. Nasi je, hatuna mambo kama hayo? Mzee wa Uluguru akimjibu mgeni "haya, bwana", huenda ni heshima tu.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Nia ilikuwa njema, lakini wakulima waliona kazi ni nzito mno na matuta hayawaletei mavuno. Mwaka 1955 fujo zikatokea Matombo, katika njia hiyohiyo iendayo toka Bigwa hata Kisaki, na mpango ukaachwa. Wakuu walikuwa na wakalimani, lakini masikio hawakuwa nayo.

Linganisheni na hayo waliokuja baadaye. Toka mwaka 1999 wataalamu wa Japani walishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapa chini ya mlima, katika kazi ya maendeleo ya vijiji, na Uluguru ilikuwa mojawapo ya mahali walipofanyia kazi. Njia yao ilikuwa kuanza na maarifa ya wenyeji wenyewe. Na toka mwaka 2011 walimu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha China waliwafundisha wakulima wa Peapea, wilaya ya Kilosa, namna ya kupanda mahindi kwa nafasi iliyopimwa, kazi ya jembe na mikono zaidi kuliko ya mashine. Katika kazi kama hizo mkalimani asiyejua palizi atawapoteza watu wote. Si lugha mbili tu, hana budi kujua mashamba mawili.

Sasa hofu ya bibi. Je, kijana atapoteza imani yake? Nasema, kujua si kuabudu. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza Kiswahili kati ya Waislamu, wala imani yake haikupotea. Huko Uchina watu huinama mbele ya majina ya wazee wao waliokufa. Je, ni ibada, au ni heshima tu? Wakristo walishindana sana juu ya swali hili. Papa wa Roma alikataza desturi hiyo mwaka 1715, na katazo hilo likalegezwa mwaka 1939, baada ya miaka zaidi ya 200. Sisi tulio na matambiko ya mababu milimani twajua swali hilo si jepesi. Lakini nani atalijibu vema? Si yule aliyekaa mbali akihukumu asichokijua, bali ni yule aliyejifunza lugha, akauliza, akasikiliza, ndipo akapima. Asiyejua hawezi kukubali vema wala kukataa vema. Hata hivyo bibi asidharauliwe, maana mti usio na mizizi hung'olewa na upepo. Kijana na aende akiwa ameshika mambo yake mwenyewe.

Na hilo lanipeleka kwenye neno la mwisho. Wako vijana wanaotaka kujua Kichina, nao hawawezi kumwamkia bibi yao kwa Kiluguru. Mgeni akiwauliza kwa nini huku ukoo hufuata upande wa mama, na kwa nini neno la mjomba lina nguvu, hunyamaza. Kijana wa namna hiyo atapeleka nini katika nchi ya watu? Mkono mtupu haulambwi. Wachina na Wajapani huwaheshimu wazee wao na kuyatunza maandiko yao ya kale. Hawatamheshimu mtu asiye na mzee wala hadithi. Mwacha asili ni mtumwa, hata akijua lugha kumi.

Basi, wazazi, msimzuie mtoto mwenye moyo wa kujifunza, wala msimsukume kwa ajili ya mshahara tu. Kabla hajaondoka mwulizeni maneno haya matatu: Je, akitumwa dukani hurudisha chenji kamili? Je, akipelekwa na ujumbe kwa jirani, huufikisha ulivyo, hata ukiwa mchungu? Je, aweza kuketi na mzee akasikiliza bila kumkatiza? Akiwa ni mtu wa namna hiyo, mpelekeni, na ada ya chuo haitapotea. Akiwa sivyo, mfundisheni hayo kwanza, maana hakuna chuo, wala cha Dodoma wala cha Beijing, kitakachoyafundisha mahali penu.

Nanyi vijana mnaokwenda, kumbukeni kibarua yule aliyesimama mbele ya msimamizi, asiyejua mnasema nini. Hana kinywa kingine ila chenu.