Utamu wa Mvua ya Mawe

Mpwa wangu anayeishi Minnesota, Marekani, alinipigia simu usiku mmoja wa Januari. Theluji ilikuwa imeanguka kwao tangu alfajiri, na watoto wake walitoka nje na bakuli, wakachota ile ya juu ambayo haijakanyagwa, wakaichanganya upesi na maziwa, sukari na vanila. Wakawa wanakula aiskrimu. Asubuhi hiyohiyo mzee wa nyumba ya pili aliteleza mlangoni pake, akavunjika nyonga. "Mjomba," akaniuliza, "niwakataze?"

Sikumjibu papo hapo. Sisi wa Gungu hatujui theluji. Ya Watanzania iko Kilimanjaro, upande wa pili wa nchi, na hata hiyo, mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848, walikuwapo mabingwa wa jiografia huko Uingereza waliokataa kusadiki kwamba yaweza kukaa karibu na Ikweta. Lakini mvua ya mawe tunaijua, na swali la mpwa wangu nilikwisha kukutana nalo nikiwa darasa la nne.

Ilinyesha alasiri moja ya Februari. Mabati yalipigwa hata tukashindwa kusikilizana ndani ya nyumba. Ilipokatika, ua wote ulikuwa mweupe. Baba akapiga kelele, "Leteni karai!" Ujanani aliwahi kuwa mpishi wa Wazungu, na nadhani siku ile alikuwa ameingoja miaka mingi. Alitia maziwa yaliyochemshwa na sukari katika kopo lenye kifuniko, akalisimamisha ndani ya sufuria kubwa, akalizungushia yale mawe, kisha akamwaga juu yake chumvi ya Uvinza, tena kwa ukarimu uliomtisha mama. Akaanza kulizungusha kopo huku na huku bila kupumzika.

Baadaye nilijifunza sababu. Chumvi huifanya barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na katika kuyeyuka huko barafu hunyonya joto la chochote kilicho karibu nayo. Kilichokuwa karibu ni maziwa. Lakini siku ile tulidhani baba ni mganga.

Tukiwa bado tumemzunguka, akapita bibi mmoja aliyekaa ng'ambo ya njia, amejitwika mzigo wa mabua mabichi. Shamba lake la mahindi, lililokuwa limeanza kutoa mbelewele, lilikuwa limelala chini lote. Hakuwa na mtu wa kumlimia. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, mdogo kuliko mimi. Tukamwamkia, akaitika, akapita.

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Ingizeni ndani hilo kopo. Mtakulaje kitu hicho mbele ya mtu aliyepigwa nacho?"

"Basi apelekewe kikombe," baba akajibu.

"Umpelekee mfiwa sukari?"

"Kwani mawe nimeyaleta mimi?"

Hoja ya baba ni nzito, na sijapata mtu wa kuivunja. Mvua haina nia. Haikumchukia bibi yule wala haikutupenda sisi, na kama tungeyaacha mawe yayeyuke uani hakuna hindi moja ambalo lingesimama tena. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, maji yakaingia katika nyumba za mwambao, niliona watoto wakiogelea penye ua wa mtu, wakicheka, na sikuona dhambi yao.

Lakini mama naye hakuwa akizungumzia mvua. Alikuwa akizungumzia macho ya bibi. Furaha yetu haikumpunguzia bibi kitu, ila ilimwambia kwamba yaliyompata hayakutugusa. Hilo ndilo linaloumiza, na halimo katika hoja ya baba. Hata hivyo sikubaliani na mama pia. Kula ndani mlango umefungwa kungekuwa adabu ya nje tu. Bibi angeendelea kuwa peke yake na mabua yake, nasi tungelamba vijiko kimya kimya. Na baba, nikimpima leo, sina hakika kikombe kile kilikuwa cha bibi au cha dhamiri yake mwenyewe.

Nilitumwa mimi. Njiani nilikilamba ukingoni, mara mbili. Bibi alikuwa ameketi kizingitini akiwachambulia mbuzi yale mabua. Akauliza ni nini, nikasema, "Ni maziwa, bibi. Yamegandishwa kwa ile mvua." Akachovya kidole, akaonja, akakaa kimya kitambo kirefu hata nikataka kukimbia. Kisha akasema, "Kumbe ina baridi hivi," akamwita mjukuu wake aje ale. Hakuonja tena. Hakutoa shukrani, wala hakukasirika. Kesho yake baba alichukua jembe, akaenda kumsaidia kung'oa yaliyovunjika, na mama akafuata na mbegu za maharage. Hakuna aliyesema kama ni kwa sababu ya kikombe.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo yote, simu ikimlia fedha. Sikumwambia awakataze. Nilimwuliza tu kama walimbakishia mzee yule. Akacheka kidogo, akasema mzee amelazwa, na aiskrimu ya theluji haingoji hata kufika barabarani.

"Basi nani anamfagilia mlango?" nikauliza.

Nikasikia akiwaita watoto.