HUTUBA YA IJUMAA: MTOTO ASIYEFUNDISHWA KUSEMA ATASEMEWA NA WENGINE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake, Masahaba zake, na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ninawausia ninyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya amana iliyo mikononi mwetu: watoto wetu, ndimi zao na kalamu zao.

Katika madrasa zetu, za Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba, wako watoto waliohifadhi sura nyingi. Alhamdulillahi, hiyo ni neema, wala mtu asiidharau. Lakini mwambie mtoto huyo aeleze kwa maneno yake sura ile inatufundisha nini. Mwambie aandike barua ya mistari kumi kwa mjomba wake aliye Likasi. Mwambie asimame mbele ya watu ishirini aseme kwa dakika tatu. Wengi watainama watazame miguu yao. Kosa si lao. Mtoto hutoa alichofundishwa.

Hasara yake huonekana akiwa mkubwa. Analetewa karatasi ya parsele, anatia kidole bila kujua kilichoandikwa. Mwingine anafiwa na mume, mashemeji wanakuja na maneno mengi. Haki yake imo katika Sura An-Nisaa, lakini hawezi kuisema mbele ya kikao. Kijana anaitwa komini kwa jambo asilolifanya, anajibu kwa hasira, na hasira ile inakuwa ushahidi juu yake. Asiyejua kusema husemewa na wengine, na anayesemewa hupata kile alichoachiwa.

KUSOMA NA KUANDIKA. Amri ya kwanza iliyomshukia Mtume (s.a.w.) ilikuwa amri ya kusoma, na kalamu imetajwa papo hapo, katika Sura Al-Alaq. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Na baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliambiwa wawafundishe watoto wa Madina kuandika. Riwaya zinasema kila mmoja watoto kumi. Madina ilikuwa na shida ya mali, lakini Mtume alikubali kalamu kuwa fidia, na walimu wenyewe walikuwa washirikina.

Tutazame pia mji wetu. Mwaka 1965, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, mzee André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Watu waliohesabiwa kuwa wa jikoni tu walieleza wenyewe waliyoyaona. Mwaka 1990 mwanachuoni Johannes Fabian aliyatia maandishi hayo katika kitabu, na leo husomwa na wataalamu wa nchi za mbali. Maboyi wangapi waliona mambo yale yale, na habari zao zimezikwa pamoja nao?

KUSEMA MBELE ZA WATU. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni aliomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba pia ndugu yake Haruni awe pamoja naye, kwa kuwa alikuwa fasaha zaidi. Basi mtoto mwenye kigugumizi au haya asichekwe.

Kumbukeni pia Jaafar bin Abi Talib (r.a.). Waislamu walikimbilia Habasha, na Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Mfalme Najashi akataka kusikia upande wa pili. Kijana Jaafar akasimama, akaeleza kwa utaratibu: tulikuwa hivi, akaja Mtume, akatuamrisha haya, watu wetu wakatutesa. Kisha akasoma sehemu ya Sura Maryam. Mfalme alikataa kuwatoa, na zawadi zikarudishwa. Kundi zima liliokolewa kwa maneno ya mtu mmoja aliyejua kuyapanga.

KUJADILIANA. Hapa wazee wengine wanauliza: je, mtoto akifundishwa kubishana hatawajibu wazazi wake vibaya? Swali hili ni la haki, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametuahidi nyumba Peponi kwa mwenye kuacha ubishi hata akiwa na haki. Lakini ubishi wa kutafuta ushindi ni kitu kimoja, na kujadiliana ili haki ionekane ni kitu kingine. Sura An-Nahl, aya ya 125, inaamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora. Nabii Ibrahim (a.s.) alimpinga baba yake katika jambo la masanamu, na katika Sura Maryam alimwita kwa upole, "ewe baba yangu", mara nne. Na yeye mwenyewe alipokuwa baba, akaoteshwa kumchinja mwanawe, alimuuliza mtoto ana maoni gani. Tujiulize: katika nyumba zetu, mtoto huulizwa lini?

Ulimi usio na adabu ni moto. Katanga inajua. Mwaka 1992 na 1993 hotuba za chuki ziliwageukia watu wa asili ya Kasai; watu wengi sana walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja kuondoka. Waliosema walikuwa hodari wa kusema, na waliosikiliza hawakuzoea kuuliza: dalili yako iko wapi? Ndiyo maana mtoto afundishwe yote mawili, kusema na kupima yasemwayo.

TUFANYE NINI? Tangu 2019 masomo ya msingi ya leta hayalipiwi, na kalasi nyingi zimejaa. Mwalimu hawezi kumsimamisha kila mtoto. Basi madrasa isaidie, saa moja tu kwa juma. Mtoto asome ukurasa mmoja, aueleze kwa maneno yake. Aandike barua fupi, mwenzake aisome kwa sauti. Wawili wajadiliane, na kabla ya kujibu, kila mmoja arudie hoja ya mwenzake mpaka huyo akubali kuwa ndivyo alivyosema. Asitaje kabila la mtu, asitukane, asiseme asilolijua. Na wasichana wasimame kama wavulana: Khawla bint Thaalaba (r.a.) alijadiliana na Mtume juu ya shida ya ndoa yake, na Mwenyezi Mungu akamsikia, akateremsha Sura Al-Mujadila.

Nanyi baba na mama, jioni baada ya chakula, zimeni televisheni kwa muda. Mwulizeni mtoto alichosoma, mkamsikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, wakunjulie watoto wetu vifua vyao, uwafungulie mafundo ya ndimi zao, na uzifanye kalamu zao ziandike haki. Uilinde nchi yetu na fitina ya maneno. Uwarehemu walimu wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.