Nasaha kwa Mwalimu Anayeanza Kazi

Mwanangu, umeripoti kituoni na umekabidhiwa darasa la tano, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati. Nisikilize sasa kabla hujazoea, maana ukishazoea hutanisikia.

Anza na ulimi. Fimbo ina kanuni zake na inajadiliwa hata bungeni. Ulimi haukaguliwi na mtu. Ukimwita mtoto "kilaza" kwa hasira za asubuhi moja, saa ya mapumziko wenzake wanamwita hivyo hivyo, na akifika darasa la saba hakuna anayekumbuka kwamba jina lilitoka kwako. Watoto hawamchagui wa kumwonea kwa kubahatisha. Humtazama mwalimu: anamcheka nani, anampigisha magoti nani kwa sababu ya sare iliyochanika, nani akinyoosha mkono hapewi nafasi. Huyo ndiye watakayemnyang'anya daftari. Basi ukiletewa kesi ya uonevu, kabla hujamsaka mkorofi, kumbuka wewe mwenyewe ulisema nini mbele ya darasa wiki iliyopita.

Alama za mtihani usizitangaze kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Mpe kila mmoja karatasi yake mkononi. Usimsimamishe mtoto mstarini kwa mchango ambao mzazi hajalipa. Msichana aliyechafua sketi mtolee kanga, atoke na mwalimu wa kike, na wewe uendelee na somo kama hakuna kilichotokea. Mwenye ualbino mkalishe mbele, kwani wengi wao huona kwa shida, na wenzake uwaeleze sababu wasidhani ni upendeleo.

Sasa kiranja, na hapa ndipo walimu wengi huzembea. Mwalimu anatoka darasani, anamwachia kiranja karatasi aandike majina ya wapiga kelele, akirudi anaowakuta humo wanachapwa. Mtoto wa miaka 11 umempa serikali! Ataandika jina la aliyemnyima ubuyu na kumfuta aliyemnunulia barafu. Akiwa na kisasi, ataweka na alama ya "amezidi". Ukiadhibu kwa orodha ile bila kuuliza, umeonea wewe, kwa mkono wa mtoto. Mimi ningevumilia kelele. Kiranja agawe madaftari, afute ubao, akuite kukiwa na ugomvi. Hukumu ibaki kwako. Ukihamia sekondari ya bweni utayakuta hayo hayo kwa sura nyingine: njuka, yaani wanafunzi wapya, wanafulishwa nguo za wakubwa na kuimbishwa usiku, na ukiwauliza wakubwa wanajibu kwamba hata wao walipitia. Usipoteze muda kwa mjadala nao. Pita bwenini saa ambazo hawakutegemei.

Kuhusu kiboko, ijue sheria ya kwenu. Kwa Tanzania kanuni zinataka visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kenya walikifuta shuleni mwaka 2001, na sheria yao ya elimu ya 2013 ikamfanya mwalimu anayempiga mwanafunzi kuwa mkosaji. Wapo wanaokaidi huko pia, lakini hakuna anayeweza kusema shule za Kenya zilifungwa kwa kukosa fimbo. Mwaka 2016 zilisambaa picha za video kutoka sekondari moja mjini Mbeya, Tanzania: walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, vijana kama wewe, wakimshambulia mwanafunzi mmoja ofisini mwao. Mimi nililoliona pale ni kundi. Mwalimu akiwa mbele ya wenzake huona aibu kupoa. Kwa hiyo usimwite mtoto ofisini kumwadhibu huku wenzako wakichochea na kucheka, na akiitwa na mwingine, wewe uwe wa kwanza kusema yatosha.

Mtoto anayeumia hasemi. Tumbo humuuma kila Jumatatu, hukaa chooni kengele ya kuingia ikilia, aliyekuwa msemaji hunyamaza. Mwite faraghani, kaeni nyote wawili, na usianze na "una nini wewe?" Mwulize huwa anacheza na nani. Akikutajia wanaomwonea, usimsimamishe darasani arudie ushahidi, wala usiwalazimishe washikane mikono saa ile ile. Hiyo hukutuliza wewe, naye atalipia njiani akirudi nyumbani. Wahoji mmoja mmoja, mbadilishie dawati, kisha umwulize tena baada ya wiki. Likikushinda, au anayemuumiza akiwa mwalimu mwenzako, peleka kwa mkuu wa shule na ofisi ya ustawi wa jamii; simu ya watoto, 116, hupigwa bure Tanzania na Kenya.

Na atakuja mzazi akuambie kwa upole, "Mwalimu, nyama zako, mimi nirudishie mifupa." Ana nia njema, ila hana mamlaka ya kukupa ruhusa hiyo ya kumchapa. Mpe kiti, mshukuru kwa kukuamini, kisha mwulize mtoto analala saa ngapi na amekula nini kabla ya kuja shule.