Makaa Juu ya Kifuniko



Katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 12, Mtume Paulo anatufundisha tumlishe adui yetu akiwa na njaa na kumpa maji akiwa na kiu. Tena, akifuata Kitabu cha Mithali mlango wa 25, anasema kwamba atendaye hivyo humpalia adui yake makaa kichwani. Maneno hayo tumeyasikia kanisani tangu utoto wetu, na kila mara yametutatiza. Je, Mtume anatufundisha wema wa hila? Tumpe mtu chakula ili tumchome?

Mwezi huu sisi akina mama wa mtaa huu tumepewa ukurasa wa mahubiri, nasi tunataka kuwaeleza jinsi tulivyopata jibu. Hatukulipata katika vitabu. Tulilipata jikoni, katika sufuria moja ya maembe.

Katika siku za Majilio alikaa kwetu mama mmoja wa Kimarekani, muumini wa Kanisa la Episkopo, ambalo ni ndugu wa Kanisa letu la Anglikana. Msimu wa maembe ulikuwa umefika, na maembe yalikuwa yakioza chini ya miti. Mgeni wetu akasema atatufundisha chakula cha kwao kiitwacho kobla. Neno hilo kwa Kiingereza ndilo pia jina la mshona viatu, nasi tulicheka sana tulipoambiwa. Lakini tulipokiona chakula chenyewe tuliona jina linakifaa, maana ni matunda yaliyofunikwa kwa vimkate vilivyopangwa juu kama viraka. Vimkate hivyo Wamarekani huviita biskuti, ingawa si biskuti kavu za dukani. Hivi ni laini, na huumuka kwa beking pauda. Kwao hutumia matofaa, au pichi kama zile zinazolimwa Lushoto.

Tukamwambia, "Mama, hapa hatuna oveni." Akatujibu kwamba hata waliokianzisha chakula hiki hawakuwa na oveni. Walikuwa Waingereza waliohamia Marekani zamani za makoloni. Walitamani pudini za kwao, lakini vyombo na vitu vya kupikia walivyovizoea hawakuwa navyo. Basi wakachukua matunda waliyoyapata, wakayafunika kwa unga, wakapika katika chungu kizito cha chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Hapo bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akapiga makofi. "Kumbe ni kupalia makaa! Si ndivyo tupikavyo mkate wa kumimina siku zote?"

Kwa wale watakaopenda kujaribu, twaeleza. Menya maembe makubwa 6 yaliyoiva bila kulegea, uyakate vipande. Yatie sufuriani pamoja na sukari nusu kikombe na maji ya ndimu moja, uyachemshe kidogo. Katika bakuli changanya unga wa ngano vikombe 2, beking pauda vijiko vidogo 3, na chumvi nusu kijiko kidogo. Ufikiche kwa siagi vijiko vikubwa 5 mpaka uwe kama chenga, kisha utie maziwa robo tatu ya kikombe. Usiukande kama wa chapati, maana ukiukanda sana vimkate vitakuwa vigumu. Chota madonge, uyapange juu ya maembe yangali ya moto, ili unga uanze kuiva kutoka chini. Funika. Acha makaa machache chini ya sufuria, na juu ya kifuniko uweke mara mbili ya hayo. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo, vimkate vitakuwa vimeumuka na kupata rangi.

Mara ya kwanza sisi hatukufuata. Tulichochea moto chini, tukaweka makaa matatu tu juu. Sukari ikaungua, maembe yakashika sufuria, na unga ulikuwa mbichi kabisa. Mgeni wetu alituambia: moto wa chini peke yake huunguza, wa juu ndio uivishao.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe, nalo ni la aibu kwetu.

Siku zile tulikuwa na ugomvi na dada yetu mmoja. Alikuwa amesimama mbele ya mkutano akasema hesabu ya fedha tulizochanga kwa ajili ya paa la kanisa haikuwa sawa. Tuliona ametuita wezi. Tukamnunia. Tulipokutana naye kisimani tuliinamisha vichwa. Tulipopanga zamu za kusafisha kanisa tuliliruka jina lake. Hakuna aliyemfukuza, lakini Jumapili moja hakuja, na ya pili hakuja, na miezi mitatu ikapita bila yeye kukaribia Meza ya Bwana. Sisi tuliendelea kuikaribia kila Jumapili, wala dhamiri haikutusumbua.

Siku ile ya kobla ya pili, ambayo iliiva vizuri, tulipata habari kwamba dada yule ana homa, na watoto wake wanapikiwa na jirani asiye wa Kanisa letu. Tukanyamaza wote. Kisha yule bibi akasema, "Hii sufuria haitaliwa hapa."

Wengine tulikataa. Tulisema kama ni kumpelekea kitu, tuoke keki nzuri siku nyingine, ili aone kwamba sisi ni watu wa heshima. Mgeni wetu akatusimulia kwamba mwaka 1839 mama mmoja wa kwao, Lettice Bryan, alitoa kitabu cha mapishi kiitwacho The Kentucky Housewife, na humo aliandika kwamba chakula hiki si cha fahari cha kuandalia wageni, lakini kwa watu wa nyumbani ni kizuri sana. Bibi akatutazama akauliza, "Basi huyu dada yetu ni mgeni, au ni wa nyumbani?" Hatukuwa na jibu ila kubeba sufuria.

Tulipiga hodi. Alitukaribisha, akaketi kitandani. Watoto wakala kwanza, naye akala kidogo. Tulingoja aombe msamaha. Tunakiri kwamba ndilo tulilolingojea. Hakuomba. Alipomaliza aliweka kijiko chini, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, ahsanteni. Sikusema mmeiba. Nilisema tazameni risiti za saruji."

Usiku ule tulifungua daftari. Risiti moja ya saruji ilikuwa imeandikwa mara mbili. Fedha hazikuibwa, zilikuwa zimebaki sandukuni bila sisi kuzihesabu sawasawa, lakini hesabu tuliyoisoma mbele ya mkutano haikuwa kweli, na dada yetu alikuwa amesema kweli. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya watu wote, tukasema hivyo, tukamwomba radhi yeye aliyekuwa bado kitandani. Tulikuwa tumekwenda kumpalia mwenzetu makaa, nayo yalikuwa yameangukia vichwa vyetu.

Ndugu wapendwa, tazameni neno lile. Wafasiri wa Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union ya mwaka 1952, walipofika kwenye mstari ule wa Warumi walitumia neno la jikoni, kupalia. Atakaye kuteketeza chakula hahangaiki kupalia, huchochea kuni chini akaenda zake. Apaliaye anataka kile kilicho ndani kiive, kiwe chakula cha watu. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, naye alifundisha kwamba makaa haya ni uchungu wa toba uunguzao kiburi cha mtu, wala si madhara tunayomtakia.

Moto wa chini ni ule wa mioyo yetu: hasira, haki yetu, jina letu jema. Moto huo tunao kila siku, wala hatuhitaji kufundishwa kuuwasha. Peke yake huunguza chini na kuacha juu kubichi. Ndivyo tulivyokuwa sisi, tumeungua kwa hasira na bado wabichi katika upendo. Moto wa juu ni wema unaotoka kwa Mungu. Yeye alitupenda tulipokuwa adui zake, kama Mtume asemavyo katika mlango wa 5 wa waraka ule ule. Moto huo ukishuka, hauchagui kichwa cha mwenzako tu.

Bwana wetu Yesu Kristo alifundisha katika Injili ya Mathayo, mlango wa 5, kwamba mtu aletaye sadaka yake na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza, aende wakapatane. Angalieni, hakuuliza ni nani mwenye haki. Anayekumbuka ndiye aendaye. Kama tungengoja kujua nani mwenye haki, daftari lile lingekuwa limefungwa mpaka leo.

Basi kabla ya Ushirika Mtakatifu ujao, kila mmoja wetu na ajiulize: ni jina gani tumeliruka katika zamu? Ni mlango gani hatujapiga hodi? Usingoje keki. Chukua kilichoko nyumbani, hata kama ni muhogo, uende. Na ukifika, keti usikilize, maana huenda ukaambiwa jambo ambalo hukulijia.

Dada yetu alipona. Sasa ndiye mtunza daftari letu.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, zima ndani yetu moto uunguzao, utuwashie ule uivishao. Utupe ujasiri wa kubisha hodi na unyenyekevu wa kusahihishwa, ili sote tukae pamoja Mezani pako kama watu wa nyumba moja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.