Ngamia Aliyeshindwa na Ushindi wa Wizi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Uislamu haukatazi mashindano. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi akashinda, na baadaye Mtume akashinda. Abdullah bin Umar (r.a.) ametusimulia pia mbio za farasi za Madina: farasi waliofanyishwa mazoezi walipewa masafa marefu, kutoka Hafyaa hadi Thaniyatul-Wadaa, na wasiofanyishwa wakapewa masafa mafupi, hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Kila kundi lilishindana na wenzake. Kwa hiyo uadilifu katika mchezo si jambo tulilofundishwa na Olimpiki.

Sasa tutazame ya zama zetu. Mwezi wa Aprili 2014, Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 57, rekodi mpya ya njia ile. Mwaka huohuo alipimwa, akakutwa na EPO. Hii ni homoni inayotengenezwa na figo, nayo huuamsha mwili uzalishe chembe nyekundu za damu. Viwandani hutengenezwa kama dawa ya wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi. Mgonjwa akipewa, hiyo ni tiba, na tiba ni halali. Mzima akijidunga ili apate oksijeni zaidi kuliko wenzake, damu yake huwa nzito, moyo hulazimika kuisukuma kwa shida, na huenda ikaganda. Mwili ni amana ya Allah, na Qur'ani imetukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Aliyekuwa wa pili siku ile ni Buzunesh Deba wa Ethiopia. Jeptoo alifungiwa, ushindi wake wa Boston ukafutwa, na Deba akatambuliwa kuwa mshindi. Hata hivyo, miaka kumi baada ya mbio zile, Deba alikuwa bado anadai fedha za mshindi, mpaka mwaka 2024 Mmarekani mmoja aliyesikia habari zake akampa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Na ile furaha ya kukata utepe mbele ya umati, nani atamrudishia?

Hapa ndipo wanazuoni wetu wanapotofautisha haki ya Allah na haki ya waja. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako, lia usiku, omba msamaha, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Ama ulichomnyang'anya mwenzako, toba yake haitimii mpaka ukirudishe au yeye akusamehe. Siku ya Kiyama hakuna dola. Deni hulipwa kwa mema yako, na yakiisha unabebeshwa mabaya ya uliyemdhulumu.

Wako wanaosema: "Wote wanatumia, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa." Jibu ni kwamba ukisema wote, umemsingizia yule asiyetumia. Tena Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta ndani kumeloa, hakuuliza wafanyabiashara wengine wanafanyaje. Alimwambia mwenye mali aweke kilicholoa juu watu wakione, akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Rekodi ya dawa ni rundo hilohilo: juu pakavu, ndani maji.

Na rekodi yenyewe ni kitu gani? Anas (r.a.) amesimulia kuhusu ngamia wa Mtume, Adhbaa, aliyekuwa hashindwi. Akaja bedui na ngamia wake kijana, akamshinda. Masahaba wakahuzunika. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kwamba ni haki juu ya Allah kwamba hakiinuki kitu duniani ila hukishusha. Hakutafuta hila ya kumrudisha Adhbaa juu. Ngamia alishindwa kwa haki, na heshima yake haikupungua. Hata leo tunamtaja kwa jina. Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 mjini Seoul Jumamosi ya Septemba 24, 1988, na Jumanne akavuliwa dhahabu kwa dawa ya stanozololi. Wote wawili walishushwa, lakini mmoja tu alishushwa na aibu.

Ndugu zangu, msiseme haya ni ya wanariadha wakubwa. Sindano za misuli zinauzwa kwenye gym zetu. Kikaratasi cha mtihani kikifichwa kwenye mkono wa shati nacho ni dawa ya kuongeza nguvu, kwani nafasi ya kazi utakayoipata kwa alama zile ina mwenyewe aliyekesha akisoma. Kabla ya kuingia uwanjani au kwenye chumba cha mtihani, jiulize: nikishinda, kuna mtu atakayenidai mbele ya Allah?

Ewe Mola wetu, turuzuku ushindi wa halali, na tunaposhindwa, utupe moyo wa kukubali. Amin.

Wabillahi tawfiq.